Vijana wawili wenye beji nyeusi: mmisionari Mmormoni ni nani, na siku yake hupitaje?

Msikilizaji wa Karatu au Ngorongoro anayeshuka Arusha mjini kwa shughuli zake huenda amewahi kuwaona: vijana wawili wanaotembea pamoja, shati jeupe, suruali nadhifu, beji nyeusi kifuani. Wakati mwingine ni wasichana wawili wenye beji kama hiyo. Si watalii, si watafiti, wala si wafanyakazi wa shirika la misaada. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni.

Makala hii inaeleza vijana hao ni nani, nani huwatuma, wanaishi vipi, wanaamini nini, na mambo gani mtu ayafahamu kabla ya kuwakaribisha au kuwakatalia. Haimshawishi mtu kuwafuata wala kuwafukuza.

Kanisa lililowatuma

Kanisa hili lilianzishwa Marekani tarehe 6 Aprili 1830, katika jimbo la New York, na kijana aliyeitwa Joseph Smith. Alisema Mungu alimtokea, kisha malaika akamwonyesha mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya kale. Tafsiri aliyotoa ndiyo Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa mwaka huo huo wa 1830. Jina "Mormoni" limetoka humo: ni jina la nabii ambaye kitabu kinasema alikusanya maandishi hayo. Viongozi wa kanisa siku hizi huomba watu watumie jina kamili la kanisa badala ya jina hilo la utani.

Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844 akiwa gerezani Carthage, jimbo la Illinois. Wafuasi wengi walimfuata Brigham Young kuelekea magharibi, na mwaka 1847 wakafika bonde lenye ziwa la chumvi. Hapo wakajenga Salt Lake City, mji ambao mpaka leo ndio makao makuu yao. Kanisa linahesabu waumini zaidi ya milioni 17 duniani, na wamisionari zaidi ya 70,000.

Kwa nini Afrika Mashariki walifika juzi tu, wakati Wakatoliki na Walutheri walikuwa hapa tangu karne ya 19? Sababu moja kubwa ni ubaguzi ndani ya kanisa lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 100, mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, wakati wanaume wengine waliupata tangu ujana. Waumini weusi pia hawakuruhusiwa kushiriki ibada kuu za hekaluni. Katazo hilo liliondolewa Juni 1978. Baada ya hapo ndipo milango ya Afrika ilipofunguliwa kwa upana. Kenya ililisajili kanisa hilo mwaka 1991, na Tanzania ikalitambua mwaka 1992. Kwa miaka mingi wamisionari wa Tanzania waliongozwa kutoka Nairobi, hadi mwaka 2020 ilipoanzishwa misheni ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo kijana wa Kiafrika anayezungumza nao ana haki kamili ya kuuliza habari za katazo hilo. Ni historia inayojulikana, na kanisa lenyewe limeiandikia maelezo.

Nani huenda, na nani hulipa

Mwaka 2012 umri wa kuanza utume ulishushwa hadi miaka 18 kwa wavulana na, kwa wakati huo, 19 kwa wasichana. Wavulana hutumika miaka miwili, wasichana mwaka mmoja na nusu. Kwa wavulana, kanisa huona utume kuwa wajibu. Kwa wasichana ni hiari, ingawa wengi huenda.

Kijana hachagui nchi. Hupeleka maombi, hupimwa afya, huhojiwa na kiongozi wake kuhusu imani na mwenendo, kisha husubiri barua ya wito. Anaweza kutoka kijiji cha Utah akapelekwa Tanzania, au kutoka Kampala akapelekwa nchi nyingine ya Afrika. Si kweli kwamba wamisionari wote ni Wazungu. Wengi wanaotumika Afrika Mashariki ni Waafrika, na mara nyingi Mzungu na Mwafrika hupangwa pamoja.

Hawalipwi mshahara. Tangu Julai 2020, kiwango kinachotarajiwa kutoka kwa kijana au familia yake katika nchi tajiri ni dola 500 za Marekani kwa mwezi. Fedha hizo huingia mfuko mmoja, na kila misheni hugawiwa kulingana na gharama za maisha za mahali hapo. Wanaotoka familia zisizo na uwezo huchangia wanachoweza, na kinachobaki hulipwa na mfuko wa kanisa. Mmisionari hupewa posho ya chakula, nauli na mahitaji madogo. Nyumba hukodiwa na misheni.

Jambo moja huwashangaza wasikilizaji wetu. Kijana huyo wa miaka 19 huitwa "Mzee". Ni tafsiri ya cheo cha ukuhani alichopewa. Wasichana huitwa "Dada". Kwa Wamaasai, mtu hawi mzee kwa kupewa beji: hutoka kuwa layoni, akawa morani, akapita miaka na sherehe za rika lake, ndipo akahesabiwa mzee. Mtu wa boma anayecheka akisikia "Mzee" wa miaka 19 ana sababu yake. Lakini kuna mfanano pia. Kama ilivyo kwa morani, kijana huyu ametengwa na nyumbani kwa muda maalumu, anaishi na wenzake wa rika, ana mavazi na masharti yake, na jamii yake inatarajia arudi akiwa mtu mzima.

Siku moja ya mmisionari

Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi. Husali, hufanya mazoezi ya viungo, huoga na kula. Kuanzia kama saa 2 asubuhi husoma maandiko: kwanza kila mtu peke yake, kisha wawili pamoja wakipanga watamtembelea nani na watafundisha nini. Anayejifunza lugha huongeza muda wa lugha. Kwa kijana aliyelelewa kwa Kiingereza, ngeli za Kiswahili ni mlima wa kwanza. Akifika Karatu atakuta kwamba wenyeji wengi nyumbani husema Kiiraqw, Ngorongoro ni Kimaasai, na kuelekea Ziwa Eyasi kuna Wadatoga na Wahadzabe wenye lugha zao. Bibi wa boma anaweza asikijue Kiswahili anachohangaika nacho.

Saa za mchana na jioni ni za kutembea. Hutembelea waumini, huzungumza na watu njiani, hufundisha waliokubali kusikiliza, na husaidia kazi kama kupalilia, kuchota maji au kujenga. Jioni hurudi nyumbani kama saa 3 usiku, hupanga siku inayofuata, na hulala saa 4:30 usiku. Siku hizi ratiba ina nafasi ya kubadilishwa kufuata mazingira, lakini umbo lake ni hilo.

Siku moja katika wiki ni ya matayarisho. Hapo hufua, hununua chakula, hufanya usafi na kuwasiliana na nyumbani. Zamani waliruhusiwa kupiga simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 sheria hiyo ililegezwa, na sasa wanaweza kuongea na wazazi kila wiki, hata kwa video pale mtandao unapokubali.

Jumapili ni ibada. Kanisa hili halina padri wala mchungaji wa kulipwa katika ngazi ya chini. Viongozi wa mahali ni waumini wenye kazi zao: mwalimu, fundi, mfanyabiashara. Kundi dogo la waumini huitwa tawi, kubwa zaidi huitwa kata, na kata kadhaa huunda kigingi. Badala ya divai, sakramenti yao hutumia mkate na maji.

Masharti, upweke na mikosi ya kawaida

Sheria kubwa ni ya mwenzi. Mmisionari hatembei peke yake. Yeye na mwenzake hula, husali, husafiri na kulala katika nyumba moja. Hawakuchaguana, na baada ya wiki kadhaa rais wa misheni anaweza kuwahamisha na kuwapa wenzi wengine. Mtu asiyeelewana na mwenzake hana pa kukimbilia jioni.

Hakuna uchumba wakati wa utume, na televisheni na burudani nyingi huwekwa kando. Hawaogelei. Hawaruhusiwi kubaki peke yao na mtu wa jinsia nyingine au na mtoto. Simu walizopewa zina mipaka ya matumizi.

Magumu yao si ya kubahatisha: malaria na matumbo kwa mgeni asiyezoea, hamu ya nyumbani, na zaidi ya yote kukataliwa. Wanaweza kubisha hodi wiki nzima wasipate mtu wa kuwasikiliza mara ya pili. Wako wanaorudi nyumbani kabla ya muda kwa ugonjwa au msongo wa mawazo, na katika jamii zao kurudi mapema huweza kuleta aibu kubwa. Wako pia wanaomaliza wakiwa imara zaidi, na wengine ambao baadaye huliacha kanisa. Miaka miwili ya kuulizwa kila siku "kwa nini unaamini hivyo?" haimwachi mtu alivyokuwa.

Kinachowashikilia wengi ni kile wanachokiita ushuhuda. Mafundisho yao humtaka mtu asome Kitabu cha Mormoni, kisha amuulize Mungu kwa sala kama ni kweli, na asubiri jibu moyoni. Mmisionari mwenyewe hutakiwa awe amefanya hivyo. Ndiyo maana katika mazungumzo yao utasikia zaidi "najua" kuliko hoja ndefu.

Chai, kahawa na adabu ya mgeni

Hapa ndipo mgongano wa kwanza hutokea katika nyumba ya Karatu. Mwenyeji anateleka chai, mgeni anakataa. Anapewa kahawa kutoka miteremko ya Oldeani, anakataa tena. Mama wa nyumba anajiuliza kama amedharauliwa.

Hajadharauliwa. Tangu mwaka 1833 kanisa hilo lina agizo liitwalo Neno la Hekima. Linakataza pombe na tumbaku, na pia "vinywaji moto", ambavyo viongozi wao walieleza kuwa ni chai na kahawa. Halihusu joto lenyewe, kwa hiyo uji wa moto hauna tatizo. Maziwa, maji safi, juisi, na mchaichai usio na majani ya chai kwa kawaida hupokelewa. Nyama huliwa, ila agizo linahimiza kiasi.

Kwa eneo ambalo kahawa ni ada ya shule na bati la nyumba, swali la mkulima ni la haki: je, anayejiunga na kanisa hilo ang'oe mibuni? Agizo linazungumzia kutumia, si kulima. Lakini muumini hatakiwi kunywa hata kikombe cha zao lake mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini hufunga kwa milo miwili, na hutoa thamani ya chakula hicho kwa ajili ya wenye shida. Juu ya hapo hutoa zaka, sehemu moja ya kumi ya kipato. Anayefikiria kujiunga afahamu hilo mapema.

Wanakotofautiana na makanisa ya Karatu

Karatu na Ngorongoro ni nchi ya Wakatoliki, Walutheri wa KKKT na makanisa ya Kipentekoste, pamoja na Waislamu na wanaoshika imani za jadi. Hospitali ya Kilutheri ya Karatu na hospitali ya Kikatoliki ya Endulen ni ushahidi wa mizizi hiyo. Wamormoni hutumia Biblia, humkiri Yesu kuwa Mwokozi na hubatiza kwa kuzamisha majini. Lakini tofauti ni kubwa.

Kwanza, wanaongeza maandiko mengine juu ya Biblia. Pili, wanaamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu waliotengana, ingawa wana kusudi moja, wakati Wakatoliki na Walutheri hufundisha Mungu mmoja katika Utatu. Tatu, wanaamini kanisa la kweli lilipotea duniani baada ya mitume na likarudishwa kupitia Joseph Smith, na kwamba leo yupo nabii anayeliongoza. Kwa sababu hiyo hubatiza upya kila anayejiunga, hata kama alikwisha kubatizwa kwingine. Kwa upande mwingine, Vatikani ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wa kanisa hilo si halali kwa Wakatoliki. Kwa familia hili si jambo la vitabuni. Linagusa ndoa, usimamizi wa ubatizo na mazishi.

Nne, wanaamini familia inaweza kuunganishwa milele kwa ibada za hekaluni, na kwamba aliyekufa bila ubatizo anaweza kubatizwa kwa niaba yake na mjukuu aliye hai. Marehemu, wanasema, ana uhuru wa kukubali au kukataa. Ndiyo maana hukusanya majina ya mababu kwa bidii. Mtu wa hapa anayeweza kutaja ukoo wake vizazi kadhaa nyuma atapata wasikilizaji makini. Ni vema ajue kwamba majina hayo yanaweza kutumika kwa ibada hiyo, kisha aamue.

Boma la wake wengi

Swali zito zaidi kwa Ngorongoro ni la ndoa. Wamormoni wa kwanza, akiwemo Joseph Smith, walioa wake wengi. Mwaka 1890 rais wa kanisa wakati huo, Wilford Woodruff, alitangaza kuachana na desturi hiyo baada ya serikali ya Marekani kuwabana kwa sheria. Leo anayeoa mke wa pili hufukuzwa kanisani.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Hata hivyo kanisa hilo halimbatizi mtu aliye katika ndoa ya namna hiyo mpaka aachane nayo. Fikiria mke wa pili mwenye watoto wanne, ambaye mifugo na makazi yake viko chini ya boma la mume. Kwake ubatizo unaweza kumaanisha kuhatarisha riziki. Si Wamormoni pekee waliokutana na fundo hili. Makanisa mengi yamehangaika nalo tangu wamisionari wa kwanza. Lakini ni swali la kuulizwa siku ya kwanza, si baada ya moyo kukubali.

Njia mbili za kupeleka imani

Ngorongoro ina historia yake ya vijana waliotumwa kutoka mbali. Anayejulikana zaidi ni padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo. Mwaka 1966 aliona kwamba shule na hospitali za misheni zilipendwa, lakini karibu hakuna aliyezungumza na Wamaasai habari za Mungu. Akaanza kwenda kwenye maboma kuzungumza na jamii nzima, wazee, wanawake na vijana pamoja. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1978, kinasomwa vyuoni mpaka leo. Alipotaka kuwabatiza waliofanya vizuri tu na kuwaacha waliozembea, mzee mmoja alimkatalia: wameamini kama jamii, basi wabatizwe kama jamii.

Utaratibu wa Wamormoni ni tofauti. Wao humfundisha mtu au familia, humhoji kila mmoja, na kila mmoja hujibu kwa nafsi yake. Njia ya kwanza hulinda umoja wa boma lakini inaweza kumfunika asiyekubali. Ya pili humpa mtu uhuru wake lakini inaweza kumtenga na wenzake. Anayeishi bomani anajua uzito wa pande zote mbili.

Wakibisha hodi kwako

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, ukiwemo uhuru wa kubadili dini au kutobadili. Jumuiya ya dini husajiliwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mmisionari mgeni anahitaji kibali cha ukaazi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mgeni pia hufuata taratibu za kuingia lango la Lodoare.

Mambo ya kukumbuka:

- Unaweza kuwakaribisha, kuwauliza chochote, au kusema "asanteni, hapana". Ukiwaambia wasirudi, wanatakiwa kuheshimu.
- Kuwasikiliza hakukufungi. Kitabu wanachokupa si mkataba.
- Mtoto chini ya miaka 18 habatizwi bila ruhusa ya wazazi au walezi. Aliye kwenye ndoa hutakiwa apate ridhaa ya mwenzi wake. Hizi ni kanuni zao wenyewe, unaweza kuwakumbusha.
- Hawatembei kuchangisha fedha. Mtu mwenye beji anayekuomba pesa ya usajili, ya safari ya Marekani au ya ufadhili wa masomo, mtilie shaka na utoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.
- Kujiunga hakumpi mtu viza, kazi wala mfadhili.
- Uliza mapema habari za zaka, chai na kahawa, ndoa, na uhusiano na kanisa lako la sasa. Mmisionari mwaminifu atajibu bila kuzunguka.

Na kama jibu lako ni hapana, bado unaweza kuwapa maji ya kunywa na kivuli. Wametembea tangu asubuhi, na nyumbani kwao kuna mama anayesubiri simu ya wiki.